Kibaba, Debe na Kilo: Vipimo vya Chakula Wilayani Rungwe

Utangulizi

Tunapotaja utamaduni wa taifa, aghalabu mawazo yetu huelekea kwenye ngoma, nyimbo, mavazi, uchongaji na hadithi za kale. Ni nadra mtu kukumbuka kwamba hata namna ya kupima unga unaoingia chunguni ni sehemu ya utamaduni. Lakini haipiti siku bila watu kupima chakula, na kila kipimo kina historia yake: kimetoka mahali fulani, kimeletwa na watu fulani, na kimekubaliwa kwa sababu fulani. Katika makala hii tutaitazama historia hiyo katika Wilaya ya Rungwe, hasa katika nchi ya Wanyakyusa inayouzunguka mji wa Tukuyu.

Rungwe ni nchi ya mvua nyingi na ardhi ya volkano. Humo hustawi migomba, mahindi, maharage, viazi, magimbi, kahawa na chai, na ng'ombe wa maziwa hufugwa karibu na nyumba. Mama anayelima chai huchuma majani mabichi na kuyapeleka kituoni. Huko majani hutundikwa kwenye mizani na kupimwa kwa kilo. Naye huuangalia mshale kwa jicho kali, kwani kilo moja ikipotea, fedha zake zimepotea. Jioni mama huyo huyo huinama mekoni kupika ndizi. Hapo hapana mizani. Ndizi huzikadiria kwa macho, maji huyatia mpaka yazifunike, na chumvi huitwaa kwa ncha za vidole vitatu. Mtu akimwuliza ametia gramu ngapi, atacheka.

Je, mama huyu ana elimu asubuhi na ujinga jioni? Wako wanaofikiri hivyo, wakaona kwamba maendeleo ni kuiingiza mizani katika kila jiko. Wako pia wanaoitetea mila bila kuchagua, wakaona kilo ni ugeni tu. Sisi tunashikilia kwamba vipimo vya aina hizi mbili vina kazi mbili tofauti, na kwamba madhara huja pale kimoja kinapolazimishwa kufanya kazi ya mwenzake.

Kibaba na Pishi

Kabla ya ukoloni, kipimo cha nafaka kilichojulikana sana katika pwani ya Afrika ya Mashariki kilikuwa kibaba. Vibaba viwili vilifanya kisaga, na vibaba vinne vilifanya pishi. Vyote hivi vilipima ujazo, si uzito. Ila kwa makadirio kibaba cha mchele kilikuwa ratili moja na nusu, yaani gramu 680 hivi, na pishi ilikuwa ratili sita, yaani kilo 2.7 hivi. Bidhaa za uzito mkubwa, kama pembe za ndovu na karafuu, zilipimwa kwa frasila, ambayo ilikuwa ratili 35 hivi, au karibu kilo 16.

Vipimo hivi vilisambaa bara pamoja na misafara ya karne ya 19. Kibaba kimoja cha nafaka kwa siku kilikuwa posho ya kawaida ya mpagazi. Kwa hiyo kibaba hakikuwa chombo tu. Kilikuwa pia chakula cha mtu mmoja kwa siku moja. Jambo hilo lafaa kukumbukwa, kwa maana linaonyesha tabia ya vipimo vya kale: vilianza kwa mtu na mahitaji yake, ndipo vikafika kwenye nafaka.

Aidha, Waswahili walitofautisha kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Kibaba cha mfuto ni kile ambacho, baada ya kujazwa, kilipitishiwa kijiti au kiganja juu yake mpaka nafaka ikawa sawasawa na ukingo. Kibaba cha tele kilirundikwa mpaka nafaka ikasimama juu ya ukingo kama kilima kidogo. Mwuzaji na mnunuzi walipaswa kupatana kwanza ni kipi kati ya hivyo viwili. Tutaona baadaye kwamba tofauti hiyo ndogo ingali inawaumiza watu hadi leo.

Kibaba chenyewe hakionekani tena madukani, lakini kimesalia katika methali isemayo kwamba haba na haba hujaza kibaba. Pishi nayo imesalia katika ibada. Kila mwisho wa Ramadhani, Waislamu hukumbushwa kutoa zaka ya fitri, ambayo ni pishi moja ya chakula kwa kila mtu, na masheikh huifafanua kuwa kilo mbili na nusu hivi.

Katika nchi ya Rungwe vyakula vingi havikuhitaji kibaba. Ndizi huja na kipimo chake kutoka mgombani: kuna mkungu, kuna chane, na kuna ndizi moja moja. Nafaka na maharage yalipimwa kwa kikapu, maziwa kwa kibuyu, na chakula kilichopikwa kwa chungu. Vyungu vingi vilivyotumika huku vilifinyangwa na wanawake wa Kikisi wanaokaa ufukoni mwa Ziwa Nyasa, karibu na Matema, kisha vikachukuliwa kupelekwa milimani. Chungu alichokizoea mpishi kilikuwa kipimo tosha. Alijua kikijaa hadi shingoni kinashibisha watu wangapi, na kikifika nusu ni nani atakayekosa.

Kilo Iliyokuja Mara Mbili

Kilo na mita zilizaliwa Ufaransa wakati wa mapinduzi ya nchi hiyo, na sheria ya kuzianzisha ilitolewa mwaka 1795. Kusudi lake lilikuwa kuondoa msitu wa vipimo vya kila jimbo na kila bwana shamba, vipimo ambavyo mara nyingi vilimpa mwenye nguvu nafasi ya kumpunja mnyonge. Ujerumani ilianza kutumia mfumo huo kisheria mwaka 1872. Basi Wajerumani walipoitawala nchi yetu walikuja na kilo, lita na mita. Makao ya serikali yao katika nchi ya Wanyakyusa yalikuwa hapa Tukuyu, mji waliouita Neu-Langenburg.

Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Kiingereza yaliuteka mji huo. Utawala ulipobadilika, vipimo navyo vilibadilika. Badala ya kilo ikaja ratili, badala ya lita ikaja galoni, na badala ya mita ikaja yadi. Ratili moja ilikuwa na wakia 16, na tani ilikuwa na ratili 2,240. Watoto wa shule walilazimika kuzikariri hesabu hizi ambazo hazikufuata makumi wala mpango wowote ulioeleweka.

Baada ya Uhuru, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Tanzania pamoja na jirani zake Kenya na Uganda zilishika njia ya kilo na lita. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Tukuyu mwaka 1900, naye akajaliwa umri mrefu, aliiona kilo ikija, ikiondoka, na ikirudi tena. Mara ya kwanza ililetwa na mtawala, na mara ya pili ilichaguliwa na taifa huru. Kipimo ni kile kile, lakini maana yake kwa wananchi haikuwa ile ile.

Kati ya vipindi hivyo viwili kilizaliwa kipimo kingine ambacho hakikuamriwa na serikali yoyote, nacho ni debe. Wakati wa Waingereza mafuta ya taa yaliletwa katika makopo ya bati yenye galoni nne, yaani lita 18 hivi. Mafuta yalipokwisha, kopo halikutupwa. Lilichotea maji, likachemshia pombe, likakunjuliwa kuezekea paa, na sokoni likapimia mahindi. Debe lilikubaliwa kwa sababu moja iliyo wazi: madebe yote yalikuwa sawa, nayo yalipatikana kila mahali. Mapema sana lugha yetu ililipokea bati hilo la kigeni na kulifanya mwalimu wa adabu, pale wahenga waliposema kwamba debe tupu haliachi kuvuma.

Siku hizi kazi ya debe mara nyingi hufanywa na ndoo ya plastiki ya lita 20, na kazi ya pishi hufanywa na kopo la rangi la lita nne, ambalo watu huliita sado. Nyanya na vitunguu huuzwa kwa fungu. Tunaona basi kwamba watu hawakuacha kujitungia vipimo hata baada ya kilo kurudi. Wanaendelea kukitwaa chombo kilicho karibu na kukifanya sheria.

Jiko Hupima Watu

Sasa tuingie jikoni. Mjukuu anayejifunza kupika akiuliza, "Bibi, nitie chumvi kiasi gani?" hujibiwa, "Kiasi chake, mjukuu wangu." Jibu hilo laweza kuonekana kana kwamba halisemi neno. Kwa kweli linasema mengi, kwa maana kiasi hubadilika kulingana na mambo ambayo mizani haiyaoni.

Jambo la kwanza ni idadi ya walaji. Wataalamu wawili wa mila za watu, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliishi na Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Katika kitabu chake cha mwaka 1951, Monica Wilson alieleza desturi ya vijana wa rika moja kujenga kijiji chao wenyewe. Wavulana hao hawakula kila mmoja peke yake kwa mama yake. Walikwenda pamoja, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Furaha ya kukaa na kula pamoja na wenzako Wanyakyusa waliiita ukwangala, na waliihesabu miongoni mwa mambo bora ya maisha.

Hebu tufikiri juu ya mama aliyepika katika desturi hiyo. Hakupikia idadi aliyoijua. Ndizi zake zilipaswa kumtosha mwanawe na wenzake watatu au wanne ambao hawakupiga hodi mapema. Kupima kwa usahihi wa kumtosha mwanawe tu kungekuwa aibu, na kupika bila kipimo kungemaliza akiba ya nyumba kabla ya mavuno. Basi kiasi alichokitia kilikuwa hesabu ya kweli, yenye ndani yake msimu, akiba, rika la mwanawe na heshima ya nyumba. Desturi ya vijiji vya rika imekwisha, lakini sufuria ya Rungwe ingali inapikwa ikiwa na nafasi ya mgeni.

Jambo la pili ni chakula chenyewe. Unga wa mahindi mapya hauhitaji maji sawa na unga wa mahindi yaliyokaa ghalani. Maharage ya msimu huu huiva upesi kuliko ya mwaka jana. Kuni zilizolowa kwa mvua za Rungwe hazitoi moto kama kuni kavu. Ndiyo maana msonga ugali hamwagi unga wote kwa mara moja. Hutia kidogo kidogo, na mwiko ndio unaomwambia lini inatosha, kwa uzito anaousikia mkononi. Mpika wali naye huingiza kidole ndani ya maji yaliyosimama juu ya mchele na kupima kwa pingili. Wasemao mchele mmoja mapishi mbalimbali walijua jambo hili.

Jambo la tatu ni mahali. Tukuyu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100 za sentigredi. Huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kule Kyela, bondeni karibu na ziwa, ambako zamani kulikuwa sehemu ya Wilaya hii ya Rungwe, maji huchemka kwenye nyuzi 98 hivi, na Dar es Salaam kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo maharage yale yale, yaliyopimwa kwa mizani ile ile, huchelewa kuiva Tukuyu kuliko Kyela. Kitabu cha mapishi kilichoandikwa pwani kikisema dakika kadhaa, mpishi wa Tukuyu akikitii kwa saa atawapa watu maharage magumu. Wapishi wa hapa hawakuhitaji kipimajoto kulijua jambo hilo. Waliyabonyeza maharage kwa vidole, wakaendelea kuchochea.

Mahali Ambapo Mkono Hautoshi

Hata hivyo tusiutukuze mkono kupita kiasi. Mikono hailingani, na yako mambo ambayo tofauti ndogo huleta hatari kubwa. Mfano mmoja ni kinywaji cha kumpa mtoto anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko hivyo lazima viwe vya mfuto, wala si vya tele. Chumvi ikizidi, kinywaji kilichokusudiwa kumwokoa mtoto humdhuru.

Walakini hata hapa hekima ya mkono imepata kutumika. Mwaka 1980 shirika la BRAC la Bangladesh lilianza kuwafundisha akina mama nyumba kwa nyumba namna ya kutengeneza kinywaji cha aina hii. Wengi wao hawakuwa na vijiko vya kipimo, basi walifundishwa kutumia chumvi ya ncha za vidole vitatu na sukari guru ya kiganja. Lakini hawakuachwa hivyo. Kila mmoja alifundishwa, akatazamwa akitengeneza, na vinywaji vilipimwa na wataalamu ili kuhakikisha kwamba mkono umejifunza sawasawa. Mkono na maabara vilisaidiana badala ya kudharauliana.

Tele Iliyogeuka Kuwa Lumbesa

Jikoni mpimaji na mlaji ni watu wa nyumba moja. Sokoni sivyo. Mwuzaji na mnunuzi huenda hawajuani, na kila mmoja anatafuta faida yake. Hapo kipimo cha kukadiria hugeuka kuwa silaha ya mwenye nguvu, na mfano ulio wazi kuliko yote ni lumbesa.

Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake. Juu yake hushonewa kipande cha gunia jingine au wavu, viazi vikarundikwa mpaka gunia likaota kichwa kikubwa. Mkulima hulipwa bei ya gunia moja, ingawa ametoa gunia moja na zaidi. Tukikumbuka habari ya kibaba tutaona kilichotendeka. Zamani tele ilikuwa ukarimu wa mwuzaji kwa jirani yake, na hata leo mwuza maharage humwongezea mteja wake konzi moja kwa hiari. Katika lumbesa, mnunuzi ndiye anayeidai tele hiyo, naye huidai kama haki. Kilichokuwa zawadi kimekuwa kodi. Mkungu wa ndizi unaonunuliwa kwa kutupiwa jicho tu una hatari ile ile, kwani mchuuzi aliyenunua maelfu ya mikungu ana jicho lililofunzwa kuliko la mkulima anayeuza mmoja.

Sheria ya kuzuia hayo ipo. Bunge lilitunga Sheria ya Vipimo Namba 20 ya mwaka 1982, na mwaka 2002 ulianzishwa Wakala wa Vipimo wa kuisimamia. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Kwa nini basi lumbesa haijafa? Sababu zake ni za kawaida. Mizani haiko shambani. Mkulima huuza peke yake, wakati viazi vyake vinakaribia kuoza, na mwenye gari ni mnunuzi. Tena, ushuru na nauli vinapotozwa kwa idadi ya magunia badala ya kilo, mchuuzi hupata faida kila anapokishindilia kingi katika gunia moja. Kwa hiyo kumwambia mkulima aikatae lumbesa bila kumpa mizani, chama cha kuuzia na njia ya kusafirisha ni kumtwika peke yake mzigo wa wengi.

Hapa ndipo tunapoona thamani ya kilo. Mama wa chai tuliyemtaja mwanzoni huujua uzito wa majani yake kwa sababu mshale wa mizani unaonekana na pande zote mbili. Mkulima wa viazi naye anastahili mshale huo. Si kweli kwamba kilo inaua mila yake; kinachomwumiza ni mtu anayetumia jina la mazoea kumnyima jasho lake.

Hitimisho

Tumeona kwamba kibaba kilitoka pwani na posho ya wapagazi, debe lilitoka katika kopo la mafuta, na kilo ilikuja mara mbili. Tumeona pia kwamba kiasi cha jikoni si ubahatishaji, bali ni elimu juu ya watu, vyakula na mahali. Mbele ya mgeni na fedha, mizani ndiyo haki. Mekoni, mbele ya watoto na wageni wa nyumba, elimu ya mpishi ndiyo haki.

Elimu hiyo ya mpishi ina upungufu mmoja: haijaandikwa. Inapitishwa kwa kutazamana, na kijana anayekulia bwenini hamtazami bibi yake akisonga ugali. Mwanafunzi wa sayansi kimu huandika gramu 250 za unga katika daftari lake, kisha hurudi nyumbani pasipo mizani, asijue namna ya kuziunganisha elimu zake mbili. Walimu wanaweza kumsaidia kwa kazi nyepesi. Kila mwanafunzi amwombe mpishi wa kwao achote konzi ya unga, ukufi wa maharage na chumvi ya vidole vitatu, mara kumi kila kimoja. Kisha kila kiasi kipimwe kwa mizani ya shule na kuandikwa pamoja na jina lake katika Kinyakyusa na Kiswahili. Wanafunzi wataona wenyewe mkono uliozoea unavyokaribiana na mizani, na wataona pia mahali unapokosea. Yote mawili yafaa kuandikwa, na walioyajua vizuri wangali mekoni, tayari kuulizwa.